Kilo za Ujana

Baba mkwe wangu akimshika mtu mkono tu ili amsaidie kushuka ngazi, anajua uzito wake. Mwanangu alipozaliwa, muuguzi alimweka kwenye mizani akasema kilo tatu na gramu mia mbili. Baba akampokea, akamtikisa kidogo kama mtu anayekadiria unga, akasema, "Tatu na gramu mia moja na hamsini." Muuguzi akacheka. Akamrudisha mtoto kwenye mizani, safari hii bila kile kitambaa alichofungiwa, na hakucheka tena.

Wenzake wa jeshini walimwita Mizani, na mpaka leo ukimtaja kwa jina lake la cheti watauliza unamsema nani. Mimi namwita Baba. Naishi naye tangu mama mkwe afariki. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, anaonekana nyumbani siku mbili kila wiki tatu, na mzee macho yameingia ukungu. Anaona mlango, haoni kitasa. Anaona kwamba mtu ameingia, hajui ni nani mpaka aseme.

Alipokuwa kijana alibeba magunia kwenye ghala la nafaka. Siku moja maofisa wa jeshi walikuja kuchukua mahindi, wakakuta mizani ya ghala imeharibika, naye akawaambia uzito wa kila gunia kwa kulitupia begani. Wakaondoka wakimwona mropokaji. Walipoyapima huko kwao wakakuta amekosea kilo mbili katika magunia sitini. Wiki iliyofuata walirudi kumchukua yeye.

Wakamfanya mpakiaji kwenye ndege ya mizigo. Kazi ya mpakiaji ni kujua kila kitu kinachoingia kina uzito gani, kikae wapi, kifungwe vipi, na kusema "tosha" ikitosha. Watu wakisikia amekaa kwenye ndege miaka kumi na tisa huuliza kama alikuwa rubani. Yeye hujibu, "Rubani ni dereva tu. Mimi ndiye niliyekuwa naamua kama kuna safari."

Neno hilo hulisema kwa sauti zaidi rubani mwenyewe akiwepo. Wanakuja nyumbani kila Jumamosi, yeye na mwingine mmoja. Huyo rubani wake wa zamani wanamwita Kepteni, mrefu, mkavu, viatu vimeng'arishwa hata mvua ikinyesha. Wa pili ni Mpishi, aliyewapikia kambini na kusafiri nao kila walipokwenda kukaa mbali siku nyingi. Mpishi ni mnene kwelikweli. Sebuleni kwetu kuna kiti kimoja cha mbao ngumu ambacho hatumpi mgeni mwingine, maana vile vingine vilishamkana.

Nilikuwa nawapelekea chai na kukaa pembeni nikinyonyesha, ndivyo nilivyoijua ile ndege bila kuiona. Waliiita Shangazi.

"Kwa nini Shangazi?" niliuliza siku moja.

"Wewe huna shangazi, mwanangu?" Kepteni akasema. "Anafika bila taarifa, ana mizigo kuliko watu, na analalamika njia nzima."

"Lakini anakufikisha," Mpishi akasema.

"Anakufikisha, ila mgongo unauacha kwake."

Walikuwa na hadithi ya ng'ombe niliyoisikia labda mara ishirini. Walipeleka mitamba tisa kwenye shamba la jeshi, na mmoja akakata kamba hewani, akala karatasi ya mizigo yote, ile ambayo Kepteni lazima aione kabla ya kutua. Baba akamwandikia nyingine kwa kichwa, nyuma ya pakiti ya sigara.

"Nikamuuliza, hii ni sahihi?" Kepteni husema. "Akaniambia, sahihi, ila ongeza uzito wa karatasi kwa yule ng'ombe."

Hapo Mpishi hucheka mpaka kiti kinalia, na mwanangu akiwa amelala anashtuka.

Walibeba vitanda vya hospitali, madawati, watu wa mafuriko, na mara mbili wenzao waliorudi ndani ya masanduku. Hayo ya masanduku niliyasikia mara moja tu. Kepteni aliuliza yalikuwa na uzito gani, na Baba akasema, "Wale sikuwapima." Chai ikapoa, nikaenda kuipasha moto.

Simu ya jeshi iliingia asubuhi moja nikiwa nafua. Baba alizungumza nayo amesimama wima kama anayeonwa. Shangazi, alieleza baada ya kukata, alikuwa amesimama bandani miaka mingi. Sasa wameamua kumweka mbele ya chuo cha jeshi ili wanafunzi wamwone. Chuo kipo mbali, barabara haiwezi kumbeba, kwa hiyo watamrusha mara moja tu, mwendo wa dakika arobaini, kisha hataruka tena. Wamekumbuka waliomtumikia. Wanataka wastaafu ishirini na wawili wapande.

"Miaka ishirini na sita sijaingia ndani yake," alisema. Akakaa. "Macho nimeyasamehe. Sina haja ya kumwona. Nataka nimsikie nikiwa ndani, mara moja tu kabla hawajamzima."

Sijawahi kumsikia akitaka kitu. Tangu nimeingia nyumba ile, ukimuuliza ale nini anasema chochote, ukimuuliza akae wapi anasema popote. Sasa alikuwa anauliza tarehe kila asubuhi. Mume wangu alipokataa kwenye simu, akisema mzee wa macho yale ataanguka kwenye ngazi, Baba aliomba simu, akamwambia polepole, "Nilikubeba mgongoni mpaka shule ulipovunjika mguu. Sikukuuliza utafanya nini huko." Mume wangu akaniambia niende naye, nimpeleke mpaka mlangoni mwa ndege.

Kuna jambo nililisikia na sikulisema. Mtu wa jeshi alipiga tena kuuliza uzito wa kila atakayepanda. Nilikuwa nyuma ya pazia nikimvisha mtoto. Baba akajibu bila kusita, "Sitini na mbili."

Suruali zake mimi ndiye ninayezishona. Nimezipanua kiunoni mara mbili, na mara ya pili niliunga kitambaa. Alipokata simu aligeukia upande wangu, akajua nipo.

"Ukimwambia mtu wa jeshi una themanini na kitu, na macho hayaoni, atasema pumzika mzee," alisema.

Nilijiambia kilo chache haziwezi kuwa kitu kwenye ndege nzima.

Siku yenyewe tulifika mapema, mtoto mgongoni. Shangazi alikuwa nje ya banda, na kusema kweli nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Alikuwa kama nyumba ya vyumba vitatu iliyowekewa mabawa, rangi imechubuka, tumbo chini. Wazee walikuwa wamemzunguka, kila mmoja anamgusa mahali. Mmoja alikuwa anauliza kama ile alama aliyochora kwa msumari bado ipo. Kepteni alisimama mbele ya pua ya ndege, mikono nyuma, haongei na mtu; siku hiyo marubani walikuwa vijana, yeye abiria tu. Mpishi alivaa shati jipya, ananiambia wajukuu zake tisa wanamsubiri huko chuoni wamwone akishuka.

Mpakiaji wa siku hiyo alikuwa sajenti, binti wa rika langu, ana karatasi kwenye ubao na kalamu sikioni. Alimwamkia Baba kwa heshima.

"Shikamoo, Mzee Mizani. Tulifundishwa habari zako."

"Marahaba, binti. Wamenisema vizuri?"

"Wamesema ulikuwa unasumbua."

"Basi ni mimi."

Wakaanza kupanda. Baba akataka kuwa wa mwisho, maana mpakiaji huingia wa mwisho, na binti hakumbishia. Nikamshika mkono mpaka karibu na ngazi. Hapo akaniachia, akainama chini ya bawa, akapapasa mpaka akafika kwenye gurudumu.

Magurudumu ya Shangazi yameshikwa na miguu ya chuma, na ndani ya kila mguu kuna bomba linaloteleza kama pampu ya baiskeli. Ndege ikiwa tupu, bomba linaonekana refu, linang'aa. Kadiri unavyopakia ndivyo linavyozama. Baba aliweka vidole vyake pale penye kung'aa, kimoja juu ya kingine.

"Binti, umepakia kilo ngapi za watu?"

"Elfu moja mia nne na themanini, na wewe umo. Injini ya kulia imechoka na kiwanja cha kule ni kifupi, kwa hiyo hicho ndicho kikomo. Tumekifika, hatujakipita."

"Na mizigo?"

Akamtajia. Midomo ya Baba ikaanza kuhesabu.

"Kwa hizo kilo zako, ukinitoa mimi, vidole vyangu vinne vinaingia hapa. Vimeingia vitatu."

Binti akachuchumaa, akaweka vyake. "Vyangu vinaingia vinne, Mzee."

"Vyako vya kushikia kalamu."

Akavitazama vidole vyake, akatazama vya Baba. Kisha akanyanyua ubao. "Kila mtu alitaja uzito wake kwenye simu. Wote ninao hapa."

"Karatasi haina kitambi," Baba akasema. "Umewapima?"

"Hapana."

Ndani wazee walikuwa wanacheka na kupiga vyuma kwa viganja. Binti alisimama akiwasikiliza. Niliona anajua kwamba akiwashusha, wakubwa waliokaa pale kwenye viti chini ya turubai watamuuliza maswali. Akapanda ngazi mbili, akasema, "Wazee wangu, naomba mshuke wote. Tunapima."

Walishuka wananung'unika. Bandani kulikuwa na mizani ya mizigo, bamba la chuma chini na mshale juu. Binti anasoma uzito ulioandikwa, mzee anapanda, askari anasoma mshale.

"Sitini na nane," binti akasoma.

"Themanini na nne," askari akasema.

"Ni viatu," mzee akasema.

Akavua viatu. Themanini na tatu. Akavua koti, akamwuliza binti, "Na meno nayo nitoe?"

Banda zima likacheka. Ikawa mchezo. Sitini na tano ikawa themanini. Sabini na moja ikawa tisini. Kila aliyeulizwa uzito wake alikuwa ametaja ule wa kitabu chake cha jeshi, ule wa siku alizokuwa anaruka. Sidhani kama walipanga kudanganya. Waliulizwa habari za Shangazi na wakajibu kama vijana wa Shangazi.

Kepteni alikuwa ameandikwa sabini. Akapanda, viatu vinang'aa. Mshale ukasimama hamsini na tisa, askari akasoma kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka. Kepteni akashuka, akafunga kifungo cha koti.

"Mnaona," akasema, "mimi nimewaachia nafasi."

Mpishi alikuwa ameandikwa mia moja na kumi na nane. Mshale ukaonyesha mia moja na kumi na nane. "Mimi nimepima chumvi maisha yangu yote," akasema, "nitashindwa kujipima mwenyewe?"

Baba akawa wa mwisho. Binti akasoma, "Sitini na mbili," na nikasikia sauti yake ikipungua kabla hajamaliza, maana alikuwa na macho. Askari akasema, "Themanini na moja."

Mzee mmoja akasema taratibu, kama mtu aliyekuta msikitini au kanisani pameibiwa, "Hata Mizani?"

Nilimtazama mwanangu mgongoni kwa kugeuza shingo, bila sababu, ili nisimtazame Baba.

Binti akajumlisha. Elfu moja mia saba arobaini na nane. Wamezidi kilo mia mbili sitini na nane. Masanduku mawili ya vifaa na gurudumu la akiba yakashushwa, yangefuata na lori: mia moja na tisini. Zikabaki sabini na nane, na hakukuwa na kingine cha kushusha isipokuwa mtu.

"Tumshushe Mpishi," sauti ikatoka nyuma. "Tutabaki na nafasi ya kuongeza mbuzi."

Wakacheka, na Mpishi akacheka nao, lakini mikono yake ilikuwa imeshika mbele ya lile shati jipya. "Haya," akasema. "Mimi nimezoea kubaki jikoni. Mtawaambia wale watoto nakuja na lori."

"Wewe panda," Baba akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa bado amesimama juu ya bamba la mizani.

"Huyu kataja kilo zake kama zilivyo. Hashushwi kwa ajili ya uongo wetu. Nishusheni mimi. Themanini na moja zinatosha, na tatu zinabaki."

Kepteni akaja karibu. "Mizani, acha. Wote tumesema uongo. Tupige kura."

"Nyinyi hamkujua. Mlitaja namba tu. Mimi nilipotaja sitini na mbili nilijua zile kumi na tisa zinafanya nini kwenye ndege. Nikazitaja hivyo hivyo."

"Uliogopa kuachwa."

"Niliogopa kuachwa."

"Basi na mimi nashuka."

"Wewe ukishuka hupunguzi hata kuku," Baba akasema. "Panda. Nenda."

Kepteni akampigia saluti, yeye mkubwa akampigia mdogo, akageuka akaenda.

Baba aliomba jambo moja, aingie awapange. Binti akasema twende, tena akamkabidhi ule ubao, naye akaurudisha kwa sababu hauoni. Nikawatazama kupitia mlango wa nyuma. Nyumbani kwetu anatembea mkono ukutani, anahesabu hatua toka kitandani mpaka bafuni. Mle ndani hakushika kitu. Aliinamisha kichwa mahali pa kuinamisha, akaruka kizingiti ambacho binti mwenyewe alikikwaa. Anamgusa mzee bega, anamwambia wewe mbele, wewe hapa, wewe sogea nusu kiti. Akamweka Mpishi katikati kabisa, juu ya mabawa. Ilichukua kama dakika kumi. Nilitamani ichukue saa nzima.

Alipotoka aliweka tena vidole kwenye lile bomba. Akamwita binti naye aweke vyake, akamwambia akumbuke panapofika kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akasema, "Tosha," na binti akapanda, mlango ukafungwa.

Tulisimama pembeni ya uwanja. Injini ya kushoto iliwaka mara moja. Ya kulia ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikakubali. Mwanangu aliogopa, nikamleta mbele nikamziba masikio.

"Niambie kuna nini kando ya njia yake," Baba akasema.

"Kuna kibanda cha gari la zimamoto. Mbele zaidi kuna nguzo yenye mfuko wa upepo."

"Akifika kwenye mfuko bado yuko chini, nimekosea hesabu."

Shangazi akaanza kukimbia. Nilikuwa sijawahi kuona ndege ikiruka kwa karibu, na ilionekana wazi kwamba kitu kizito namna ile hakiwezi kuinuka. Akapita kibanda.

"Bado?"

"Bado, Baba."

Mkono wake ulikuwa kwenye kiwiko changu, unabana. Halafu nikaona mwanga umepita chini ya magurudumu, mstari mwembamba tu kama chini ya mlango.

"Ameinuka," nikasema. "Mfuko wa upepo bado. Bado hatua kama hamsini."

Akatikisa kichwa kukubali. Alibaki ameelekea kule sauti ilikokwenda, na mimi sauti ilipokwisha masikioni mwangu, yeye aliendelea kusikiliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Nadhani alifikiri hayaonekani.

Mtoto alikuwa analia njaa. Tulikaa kwenye yale masanduku yaliyoshushwa, nikamnyonyesha. Askari mmoja akatuletea maji. Nilitaka kumwambia Baba kwamba amefanya vizuri, lakini kwa mkwe kumsifu mzee wa namna ile nikaona ni kama kumpa pole. Baada ya muda akasema yeye mwenyewe, "Ningependa sana kwenda, mwanangu."

"Najua, Baba."

"Sana."

Karibu saa nzima ikapita ndipo simu yake ikaita. Nikamshikia. Alikuwa Mpishi, na nyuma yake kelele za watoto.

"Mizani, tumefika. Kepteni kalia njia nzima, usimwambie nimekuambia. Wajukuu wamenirukia karibu waniangushe. Nikueleze nini, ilikuwa safi, ilikuwa..."

"Hapana, usinieleze hivyo," Baba akasema. Alinyoosha mkono akaichukua simu kwangu, akaibana sikioni kwa mikono miwili na kufumba macho. "Anza pale mlango ulipofungwa. Uliposikia kitu, niambie ni kitu gani, na kilitokea upande gani. Taratibu. Usiruke."